Jogoo Aliyetazama Kulia

Mama Vifungo alikuwa na maneno mengi kuliko vifungo, na vifungo alikuwa navyo makopo mia na kumi na nne. Duka lake lilikuwa chumba chembamba chini ya ngazi za jengo la zamani. Mteja mnene akiingia, wengine hutoka nje kumpisha. Aliyemuuliza anafanya kazi gani alijibiwa kwamba anatoa vifungo bila kuwa hakimu, na vyake havina rufaa.

Shule aliishia darasa la saba, tena la saba lenyewe alilipita ubavuni. Lakini umpe kifungo cha shaba kilichookotwa jalalani, atakutajia umri wake kabla hujakaa.

"Usoni kila kifungo ni bwana harusi," alikuwa akisema. "Kigeuze mgongo ndipo ukijue."

Mgongoni, kuzunguka kile kitanzi cha kupitishia uzi, watengenezaji hupiga muhuri wao: nyota, taji, jina, mnyama. Muhuri hubadilika kiwanda kinapobadilika, na anayeyajua mabadiliko anajua miaka. Haya alifundishwa na marehemu mumewe, Fundi, mshona makoti, ambaye kwa miaka thelathini alikula naye, akagombana naye na kushona naye kwenye meza hiyohiyo moja.

Muhuri alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Jogoo. Kiwanda cha Jogoo kilikuwa mbali, ng'ambo huko, na kilishakufa. Katika vifungo vyake vya kwanza jogoo anatazama kushoto. Kisha kiwanda kikaungua moto, kalibu zikachongwa upya, na aliyezichonga sijui alilala vibaya, akamgeuza jogoo atazame kulia. Mwishoni kabisa, miaka michache kabla ya kufungwa, wakamwekea kijidoa chini ya ukucha. Basi kushoto ni miaka sabini na zaidi, kulia ni baada ya hapo, na mwenye doa ni wa juzijuzi. Watoto wa mtaani walikuwa wakimletea vifungo kumjaribu, na hajawahi kushindwa. Ndiyo maana siku ile mpelelezi alimjia yeye.

Alikuwa kijana mwenye viatu safi na uso uliochoka. Aliamkia, akatoa bahasha ya kaki, akamimina juu ya meza vifungo vitano vilivyoshikana na udongo mwekundu.

"Mama, nimeambiwa wewe unajua umri wa hivi vitu."

"Umri wa vitu najua. Wa kwangu ndio nimeusahau. Umevitoa wapi, mwanangu?"

Akamweleza. Nyuma ya kile kiwanda kikubwa cha nguo walikuwa wanachimba msingi wa ghala jipya, wakakuta mifupa. Hilo halikumshtua mtu, maana kila mzee mjini anajua pale palikuwa makaburi ya zamani kabla kiwanda hakijajengwa. Mifupa ya wanne ilikuwa imelala chini sana, imenyooshwa kwa adabu. Wa tano alikuwa juujuu, amekunjwa kama kiberiti kilichokanyagwa, na vifungo hivi vilikuwa kifuani pake.

"Mkubwa wangu anasema wote ni wa kale," mpelelezi alisema. "Mimi huyu mmoja ananisumbua. Vifungo vikiwa vya miaka sitini kwenda juu, anakwenda na wenzake kwenye shimo la manispaa na habari imekwisha. Vikiwa vya karibuni, nafungua jalada. Nahitaji neno lako, na sahihi."

Mama Vifungo akavaa miwani. Akachukua kifungo cha kwanza, akakisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akakipeleka dirishani. Jogoo, anatazama kushoto. Cha pili, kushoto. Cha tatu kimeliwa na kutu ya kijani, lakini mkia ulionekana upande wa kulia, basi kichwa ni kushoto. Cha nne, kushoto. Cha tano kilikuwa donge la udongo mgumu kama jiwe. Alikikwaruza kidogo kwa ukucha, akakiacha. Vifungo vya koti hutoka kwenye kadi moja, kama vifaranga vya kuku mmoja. Ukijua vinne umejua na cha tano.

Zaidi ya hayo, mbele yake alisimama mtu wa serikali anayesubiri kusikia anavyojua. Na mlangoni muuza viatu wa jirani alishachungulia, na mke wake nyuma yake.

"Miaka sabini," akasema. "Huyo amelala hapo tangu babu yako anakojoa kitandani."

Wa mlangoni wakacheka. Mpelelezi hakucheka, lakini mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuwa na hakika kama ni wake. Akaandika, Mama Vifungo akatia sahihi yake ya herufi kubwakubwa.

"Hivi utaviacha?" akauliza. "Kushoto hawapatikani siku hizi. Nitawashona kwenye kadi yangu ya maonyesho."

"Kama ni vya kale si ushahidi. Kaa navyo, mama."

Akavitia vyote kwenye bakuli la siki ili udongo ulainike, akafunika kwa kisahani.

Jua halijageuka, mdogo wake akaingia. Alikuwa mwanamke mkavu, wa kutembea upesi na kusema taratibu, na siku hiyo alikuwa amevaa kanga nje ndani bila kujua. Hakusalimia.

"Dada, nimesikia wamefukua mtu kule kiwandani. Ana vifungo vya koti."

Mama Vifungo alijua kilichomleta. Miaka kumi na tisa nyuma, mume wa huyu mdogo wake, ambaye kwa urefu wake mtaa mzima ulimwita Mlingoti, alifukuzwa kazi kiwandani kwa kumtetea mwenzake aliyekatwa mkono na mashine. Wiki moja baadaye akatoka nyumbani asubuhi, hakurudi. Koti lake nalo halikuonekana. Na hilo koti ndilo lililomhukumu. Watu walisema anayekwenda kufa habebi koti; anayebeba koti anakwenda kulala mahali. Aliyelisema kwanza, na vizuri zaidi, alikuwa Mama Vifungo mwenyewe. "Shemeji kafuata sketi yenye joto kuliko koti," alisema, na mtaa ukaibeba kauli ile ukaizungusha mpaka ikachakaa.

"Nimeviona," alimjibu mdogo wake. "Vililetwa hapahapa. Ni vya miaka sabini. Mlingoti wako hata kuzaliwa hajazaliwa."

"Una hakika?"

"Nimekosea lini?"

Mdogo mtu akakaa juu ya debe la zipu. 

"Basi yuko hai, mshenzi."

"Yuko hai, kanenepa, na ana watoto sita wenye miguu mirefu."

"Usinichekeshe, dada." Lakini alicheka, cheko fupi la uchungu. "Usiku wote sikulala. Nilikuwa najiambia, kama ni yeye, basi mimi ndiye niliyekuwa namlaani maiti. Kila siku namlaani. Nikiteka maji namlaani, nikiwasha moto namlaani."

"Endelea tu, laana zinafika."

Akampa chai. Akainywa yote na mkate wake, akageuza kanga, akaenda zake.

Asubuhi ya pili, kabla hajafungua dirisha, Mama Vifungo alimwaga ile siki. Alikausha wale wanne mmoja mmoja, akawaweka juu ya kitambaa cheusi. Akachukua cha tano na mswaki wa zamani, akaanza kusugua huku anaimba imba. Udongo ukatoka kwa mapande. Ukatoka mkia. Mkia ulikuwa upande wa kushoto.

Akaacha kuimba.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaenda dirishani. Jogoo alikuwa anatazama kulia, na chini ya ukucha wake palikuwa na kijidoa, hakijaliwa na kutu hata chembe, kama kimepigwa jana.

Mwenye doa hakuuzwa kwa muda mrefu. Kadi za mwisho ziliingia mjini yapata miaka ishirini na mitano iliyopita, na Fundi alinunua zilizobaki zote. Basi koti lile halikuzikwa miaka sabini iliyopita. Haiwezekani. Wale wanne ni wazee, lakini mzee huweza kushonwa kwenye koti jipya, na hili alikuwa analijua kabla hajajua kupika. Fundi alimwambia siku ya kwanza kabisa: muhuri unakueleza kifungo kilizaliwa lini, haukuelezi kilivaliwa lini, koti ni la umri wa kifungo chake kichanga kuliko vyote. Mtoto wa siku tatu kwenye ufundi analijua hilo. Yeye, mwenye makopo mia na kumi na nne, alihesabu vinne akatia sahihi, kwa kuwa muuza viatu alikuwa anamtazama.

Alikigeuza kifungo ubavu. Vitanzi vya wale wanne vilikuwa vitupu, lakini ndani ya hiki donge la udongo lilikuwa limehifadhi kitu kama unywele wa kioo. Akakivuta kwa kibanio. Hakikukatika. Ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba usiooza, umezungushwa mara saba na kufungwa fundo lililopitishwa chini ya lenyewe.

Mjini pale mafundi walishona vifungo vya koti kwa uzi wa pamba uliopakwa nta. Mmoja tu alitumia mshipi. Wenzake walimcheka wakimwuliza koti hilo ni la mtu au la papa, naye akijibu kwamba vifungo vyake vitadumu kuliko mwenye koti. Mama Vifungo alikuwa amelala kitanda kimoja na mikono iliyofunga fundo lile. Alikaa chini.

Makoti ya Fundi yalikuwa mengi. Yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Alijiambia hivyo barabara nzima, akienda kwa mdogo wake na kifungo ndani ya leso. Tena koti la Mlingoti lilikuwa sare ya kiwanda, la vifungo vyeusi vya plastiki vyenye herufi za kiwanda. Aliviona kwa macho yake mara elfu. Alishikilia zile plastiki kama mtu anayezama anavyoshikilia unyasi.

Mdogo wake alikuwa uani anafua.

"Ndugu yangu, nikuulize. Lile koti la shemeji. Vifungo vyake vilikuwa vya kiwanda, sivyo?"

Mdogo mtu hakuinua kichwa. "Siku aliyofukuzwa walivikata."

"Nani walivikata?"

"Walinzi. Getini. Koti ulikuwa unakatwa mshahara wako, kwa hiyo ni lako, ila vifungo vina jina lao. Wakamsimamisha mbele ya zamu nzima wakavikata kwa mkasi, kimoja kimoja. Akarudi nyumbani koti liko wazi kama mlango." Alikamua shati. "Fundi akamshonea vingine jioni ileile. Vya zamani vya shaba, vizuri. Vilikuwa vinne, havikutosha, cha chini akatafuta kinachofanana."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwa shangazi, anaumwa. Uliporudi yeye ameshapotea."

"Na hakuna aliyeniambia. Miaka yote hii. Wewe, Fundi, hakuna."

Hapo ndipo mdogo wake alipoinua kichwa. "Alituapisha. Alisema, chonde, dada yako asijue kama nimekatwa vifungo mbele za watu, kesho nitakuwa wimbo. Fundi akacheka akasema kweli, huyo akijua utaimbwa mpaka na vichanga. Basi tukanyamaza. Baadaye ilikuwa haina maana tena." Akamtazama vizuri. "Kwa nini unauliza?"

Mama Vifungo alifungua leso.  Alikinyoosha tu kiganja.

Mdogo wake alifuta mikono yenye povu, akakishika kile kifungo. Hakukigeuza mgongo, hakujua mambo ya migongo. Alikitazama usoni, akapitisha kidole gumba kama mtu anayefunga koti la mwingine.

"Uliniambia vya miaka sabini."

"Vinne ni vya miaka sabini. Hiki sikukiangalia."

"Hukukiangalia."

"Kilikuwa na udongo."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shati lililoning'inia. Mdogo mtu alihesabu kitu kichwani, midomo inacheza.

"Alisema anarudi getini kumuulizia yule wa mkono," alisema. "Nami nikamjibu, nenda, na usirudi. Kwa hiyo alikwenda wapi, dada?"

"Hakwenda popote."

Walipitia dukani kuchukua vile vinne, wakamkuta mpelelezi ofisini, meza yake imefunikwa na majalada ya wezi wa baiskeli. Mama Vifungo aliweka vifungo vyote vitano juu ya majalada hayo na kueleza, safari hii bila kunogesha: doa, mshipi, fundo, mkasi wa getini. Kijana alisikiliza, na uso wake uliochoka ukazidi kuchoka.

"Mama, karatasi yako niliipeleka juu jana ileile. Wamechukuliwa leo alfajiri."

"Wamepelekwa wapi?"

"Shimoni."

Aliwapakia kwenye gari la kazi, wote wawili wakibanana kwenye kiti kimoja cha mbele, yeye akishika usukani. Njiani Mama Vifungo aliona mdogo wake amekitwaa tena kile kifungo cha tano, amekishika ndani ya ngumi, na ngumi haikufunguka.

Shimo la manispaa lilikuwa nje ya mji, nyuma ya uzio wa mabati, mahali pa kutupia waliokosa wa kuwazika. Mchimbaji, mwanamume wa makamo aliyefunga kitambaa puani, alikuwa amekaa juu ya koleo lake anakula ndizi. Mpelelezi akamuuliza ya wale watano.

"Wamo," alisema. "Magunia matano. Nimetia chokaa na futi mbili za udongo."

"Yepi ni ya yupi?"

"Gunia ni gunia, bosi. Niliambiwa wote ni wa zamani." Akawatazama wanawake wale wawili, akaacha kutafuna. "Kwani vipi?"

Ilichukua mpaka adhuhuri. Mpelelezi alivua viatu vyake safi akashuka mwenyewe. Magunia yakapandishwa, yakapangwa juu ya nyasi, meupe kwa chokaa, yote sawa, yamefungwa kwa kamba ileile. Mchimbaji akayafungua. Ndani mifupa ilikuwa imerundikwa tu kama kuni, kahawia, na mirefu ilikuwemo kwenye magunia mawili, kwa hiyo urefu wa Mlingoti haukumtambulisha. Mdogo mtu alipita kutoka gunia hadi gunia mara tatu. Aliinama, akainuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahaulishwa sura ya mumewe.

"Simjui," alisema. "Jamani, simjui."

Hapo Mama Vifungo alipiga magoti. Magoti yake hayakuwa ya kupigwa hovyo, lakini aliyapiga. Vifungo vya shaba vikikaa ardhini vinatokwa na kijani, na kijani kile hakitoki kwenye kitu kilichokigusa: kitambaa, ngozi, mbao. Makopo yake mwenyewe yalikuwa yamepakwa kwa ndani. Akaanza na gunia la kwanza, akitoa mbavu moja moja, akizifuta kwa ncha ya kanga yake na kuziinua kwenye mwanga, kama anavyofanya dukani. Hakuna. La pili hakuna. Mchimbaji alisogea, kisha akaanza kumpokea zile alizomaliza, akizirudisha polepole kuliko alivyozitia.

Katika gunia la nne aliutoa mfupa bapa wa katikati ya kifua. Ulikuwa na baka la mviringo, kijani cha jani bichi, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Chini yake kidogo, la pili.

 Aliunyanyua tu, mdogo wake auone.

Mdogo wake alikuja, akapiga magoti upande wa pili wa gunia. Alifungua ngumi, akaweka kifungo juu ya lile baka. Kilienea.

"Hakunikimbia," alisema.

"Hakukukimbia."

"Na mtaa mzima ulicheka. Watoto wangu walichekwa shuleni."

"Najua."

"Hujui, dada. Wewe ulikuwa unachekesha."

Mama Vifungo aliinamisha kichwa. Mpelelezi, miguu yake myeupe kwa chokaa, alikohoa akasema gunia lile sasa ni ushahidi, litarudi ofisini, na mjane atapewa mumewe azike upelelezi ukikamilika. Mjane akauliza unakamilika lini. Kijana akasema ukweli, kwamba hajui, kwamba wenye kiwanda ni wakubwa, kwamba kwanza anahitaji karatasi mpya inayoifuta ile ya jana.

"Niandikie hapahapa," Mama Vifungo alisema.

Akaandika juu ya goti lake, kwa herufi zake kubwakubwa: kwamba alisema miaka sabini na haikuwa kweli, kwamba vifungo vilikuwa vitano naye alisoma vinne, kwamba cha tano kilishonwa na mumewe, kwa mkono anaoujua. Mpelelezi alimwambia sababu ya kosa si lazima iandikwe. Akaiandika. Ilimchukua mstari mmoja: nilitaka kusifiwa.

Gari lilikuwa na viti viwili mbele, na nyuma palijaa majembe na mabati. Mdogo wake alilibeba gunia mwenyewe, akakataa kupokewa na mchimbaji, akapanda mbele akaliweka mapajani. Mama Vifungo alisimama kwenye dirisha la gari akisubiri kusogezewa nafasi. Mdogo wake alikuwa anafunga upya kamba ya gunia, anaikaza, anailegeza, anaikaza.

"Twende," alimwambia mpelelezi.

Mchimbaji alimwazima Mama Vifungo fimbo, akamwonyesha njia ya mkato ya kurudi mjini.